Unga wa Maua Una Siku Zake

Kila asubuhi, kabla sirene ya kampani haijalia, Tshiela alikuwa amekwisha kuwasha makala, kuteka maji, na kuwasalimia nyuki wake. Ndiyo, kuwasalimia. Majirani wa mwisho wa mtaa, kwenye njia inayotoka Kolwezi kwenda Mutshatsha, walikwisha kumzoea. Walimwona akivuka shamba la mihogo na kikombe cha chai mkononi. Anachuchumaa kando ya mzinga, si mbele yake, maana mbele ni njia ya nyuki. Anatazama. Chai inapoa, naye anatazama tu.

Huyu mama alikuwa mtu wa kuuliza. Ukimpa kijiko atataka kujua kimetengenezwa wapi. Mbona nyuki huyu anarudi na miguu ya njano, na yule na miguu ya rangi ya machungwa? Mbona asubuhi wanatoka wengi na mchana wachache? Hakuna aliyemjibu. Lakini kuuliza si ujinga, naye hakuacha.

Alikuwa na mizinga minne, masanduku ya mbao yenye bati juu, yaliyosimama juu ya miguu. Mitatu ilikuwa ya makundi aliyoyakamata mwenyewe. Mmoja ulitoka Mutshatsha. Baba yake, mzee Tshimanga, alikuwa mfanyakazi wa reli kule, na alifuga nyuki. Alipokufa, watoto wake waligawana vitu. Kaka mkubwa alichukua baiskeli. Mdogo wake alichukua redio. Tshiela akasema, "Mi nakamata nyuki." Walimcheka sana. Alisafiri nao katika treni, sanduku limefungwa kwa kitenge, mlango umezibwa kwa wavu ili wapate hewa. Abiria wote wa behewa lile walihama.

Hao nyuki ndio kitu pekee cha baba yake alichobaki nacho. Picha hakuwa nayo. Aliwapenda, na wala hakuona haya kusema hivyo.

Mume wake aliitwa Kazadi. Alifanya kazi katika kiwanda cha kusafisha mawe ya shaba, upande wa machekecheke makubwa yanayotikisa mawe yaliyosagwa. Mashine hizo hazilali. Zamu huitwa posti: kuna posti ya asubuhi, posti ya mchana na posti ya usiku, na saa zote chekecheke linatikisika. Kazadi aliisifu mashine yake kama mtu anavyomsifu shemeji aliyesoma.

Siku moja ya Desemba, mwaka 1986, alirudi nyumbani na kipande cha wavu wa chuma.

"Tata Mianda, unaleta nini tena?" aliuliza Tshiela. Mianda ni binti yao wa kwanza, na watu wa mtaa huitana kwa majina ya watoto.

"Ni kipande ya chekecheke. Banaitupa ku kazi. Niliomba shefu, akasema kamata."

"Ya kufanya nini?"

"Mama Mianda, unaonaka nyuki inarudia na bunga ya maua ku miguu? Ile bunga batu banakulaka. Iko injinia moja ku kazi anakulaka kijiko moja kila asubui, ya kupata nguvu. Tutaweka hii wavu ku mulango. Nyuki itapita mu tundu. Tundu iko kidogo, bunga itaanguka chini mu sahani. Ni sawa na kwetu ku kazi."

Tshiela aliinama, akatia kidole katika tundu moja la wavu. "Na nyuki haitaumia?"

"Itapita. Itajibana kidogo tu."

Kazadi ana mikono ya fundi, hilo tusimnyime. Alitengeneza fremu ya mbao, akapigilia wavu, na chini yake akaweka droo ya bati. Aliufunga mtego huo kwenye mlango wa mzinga wenye nguvu kuliko yote. Ndio ule wa mzee Tshimanga.

Kesho yake droo ilikuwa na nusu kikombe cha vidonge vidogo vidogo, vya njano, vya machungwa, vingine vya kijivu. Mianda alionja, akasema ni vitamu halafu vichungu. Kazadi alikula vijiko viwili. Siku iliyofuata akala vitatu. Mchovya asali hachovi mara moja, na unga wa maua ni vilevile.

Basi mtego ukakaa. Noeli ikapita, mwaka mpya ukapita, Januari nzima ikapita. Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, ikapumzika siku moja, ikaanza tena. Nyuki walishinda ndani. Tshiela alianza kuuliza.

"Tutaitoa lini?"

"Kutoa? Mashini ikisimama, ni hasara. Ku kazi mashini inasimama siku inaharibika tu."

"Nyuki haiko mashini, Tata Mianda."

"Iko na posti yayo. Na angalia inje. Kila fasi kijani. Hii njo wakati ya kujaza magudulia."

Kumbe chupa hazikujaa. Kazadi akiwa posti ya mchana, alimwaga droo kila asubuhi. Akiwa posti ya usiku, mchana alilala, na droo ikakaa siku mbili au tatu. Jumamosi aliondoka mapema kwenda salongo, kazi ya wote ya kusafisha mtaa. Maji ya mvua yaliingia. Vidonge vilishikana, vikaota ukungu, vikanuka kama pombe ya juzi. Kuku walivitazama, wakaondoka.

Katikati ya Februari, Tshiela alichuchumaa kando ya mzinga wa baba yake na chai yake ikamtoka mkononi. Nyuki mlangoni walikuwa wachache. Ile sauti ya ndani ilikuwa imefifia. Na chini, juu ya udongo, kulikuwa na vitu vyeupe, laini, vidogo kama punje za mchele. Nyuki mmoja alitoka akiburuta kingine, akakiangusha, akarudi ndani.

Walikuwa watoto wa nyuki. Mama zao walikuwa wanawatupa.

Mchana ule Tshiela hakula. Bukari, ule ugali wa kwao, ilipoa mbele yake, na sombe ya majani ya mihogo pia. Kazadi aliporudi, alimwambia, "Nyuki ya baba inaenda kukwisha."

Kazadi alikwenda kuangalia. Alirudi amekunja uso. "Hii ni jicho ya mutu," alisema. "Ule mama mupya ya ng'ambo ya barabara. Anasimamaka pale kila siku, anatazama mizinga. Tangu alifika njo bitu binaharibika."

Mama mpya aliitwa Mama Mbuyu. Alikuwa amehamia kwa mtoto wake wiki mbili zilizopita, kutoka upande wa Kasaji. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye mvi, na kweli alisimama kila siku akitazama.

Mtu mwingine angemkimbia. Tshiela aliokota watoto wa nyuki watatu, akawaweka juu ya jani, akavuka barabara.

"Odi, mama."

"Karibu. Nilikuwa nakungojea," alisema Mama Mbuyu. "Ulichelewa."

"Bwana yangu anasema weye unatazamaka sana mizinga yetu."

"Natazama kweli. Nilitunza nyuki miaka kumi ku misioni moja pembeni ya Kasaji. Mutu alizoea kupika, akisikia chungu inaungua kwa jirani, ataacha kunusa? Lakini mi mugeni hapa. Mugeni akianza kufundisha batu siku ya kwanza, banamuchukia." Alitazama lile jani. "Sasa umekuja mwenyewe. Twende."

Tshiela alitaka jibu palepale. Mama Mbuyu hakumpa. Alimketisha kando ya mzinga wenye mtego, akamwambia, "Sema Baba Yetu mara tatu, pole pole, sawa mu kanisa. Hesabu nyuki banaingia na bunga ku miguu."

Tshiela alisali huku anahesabu, Mungu amsamehe. "Mbili tu," alisema.

"Sasa hesabu kwa ile mizinga ingine."

Alihesabu. Mzinga wa pili, watano. Wa tatu, wanne. Wa nne, watano.

"Unaona nini?"

Tshiela alifikiri. "Hata fasi hakuna mutego, banaleta kidogo tu. Kumbe ku maua hakuna kitu."

"Njo hivyo. Kuko kidogo. Na ile kidogo ya huyu, ninyi munamunyang'anya ku mulango."

"Lakini asali iko ndani. Nilifungua juma ya kwanza ya huu mwezi, niliiona. Sababu gani banatupa batoto?"

"Asali ni bukari," alisema Mama Mbuyu. "Bunga ya maua ni maharagi na samaki. Mukubwa anaweza kuishi na bukari tupu siku mingi. Mutoto hapana, hakomai. Nyuki mama-mama banakula ile bunga, njo banapata maziwa ya kulisha batoto. Bunga ikikosa, maziwa inakauka. Banaona afazali kutupa batoto kuliko bakufe bote."

Tshiela aliwatazama wale watatu juu ya jani. "Na kisha?"

"Kisha bataenda. Nyuki ya huku haikai fasi ya njala."

"Siku ngapi?"

"Kesho. Ao juma moja. Nyuki haiagaka."

Hapo ndipo Kazadi alipotokea kwenye shamba la mihogo, kofia ya kazi bado kichwani. Alimwona mwanamke aliyemshuku amechuchumaa kando ya mzinga, tena pamoja na mke wake. Alisimama.

"Mama," alisema kwa baridi, "unatafuta nini hapa?"

"Natafuta maua, tata. Unisaidie. Nionyeshe moja."

Kazadi aliinua mkono kuonyesha msitu. Mkono ukabaki hewani. Miti ilikuwa na majani tele, lakini ua hakuna. Aligeukia shamba. Mbelewele za mahindi zilikuwa zimelazwa na mvua.

"Kila fasi kijani," alisema, lakini sauti ilipungua.

"Kijani ni ya mbuzi. Nyuki anatafuta ua yenye kufunguka, siku hakuna mvula ya kuosha bunga." Mama Mbuyu aliinuka taratibu, akishika goti. "Tata, banasema weye uko fundi ya machekecheke. Ku kazi, mawe yote inafika mbele ya mashini?"

"Hapana," alisema Kazadi. Hapo alikuwa kwake. "Kwanza banapima. Kuko batu ya laboratware. Mawe ikiwa na shaba kidogo, haileti faida, banaiweka pembeni."

"Mutu akileta mawe haina shaba, juma mingi, na mashini inasaga tu?"

"Ule ni mupumbavu," alisema Kazadi.

Tshiela aliinama kutazama miguu yake ili asicheke, ingawa machozi yalikuwa bado machoni.

Kazadi alivua kofia. Alipiga magoti kando ya mzinga, akang'oa misumari miwili na kuutoa ule mtego. Nyuki mmoja alimchoma shingoni. Hakumfukuza.

"Unisamehe, mama," alimwambia Mama Mbuyu. "Nilikuwazia mubaya."

"Nilijua. Unanitazamaka sawa kodi ya serikali. Sasa washa moshi."

Walitia majani makavu katika kopo lenye matundu, wakapuliza moshi kidogo. Mama Mbuyu alifungua mzinga wa pili, ule uliokuwa haujaguswa na mtego. Aliinua sega moja, akamwonyesha Tshiela. Katika vyumba vingine kulikuwa na asali. Katika vingine kulikuwa na kitu kilichoshindiliwa, cha rangi nyingi.

"Hii njo mukate ya nyuki. Bunga ya maua, banaichanganya na asali, banaifungia mu akiba. Huyu iko nayo ya kutosha, anaweza kumupa mwenzake moja." Alikung'uta nyuki, akahamisha sega hilo katika mzinga wa mzee Tshimanga.

"Sasa batabakia?" aliuliza Tshiela.

"Sijui," alisema Mama Mbuyu. Nami nampendea hapo, maana mwalimu wa kweli husema sijui.

Usiku huo mvua ilirudi. Ilinyesha siku tatu. Tshiela hakuweza kufanya lolote. Alipika, alifua, alitwanga, na kila mara alisimama mlangoni akitazama masanduku manne ndani ya ukungu wa mvua. Alimkasirikia mume wake, akamwambia hivyo. Kazadi akajibu, "Una haki." Hilo lilimaliza ugomvi mapema.

Siku ya nne jua lilitoka. Tshiela aliogopa kwenda. Alikwenda. Aliweka sikio ubavuni mwa sanduku, akaziba pumzi. Kulikuwa na sauti, ndogo lakini nzito, ile aliyoijua tangu utoto. Alichuchumaa, akasali mara tatu, akahesabu wanne. Chini hapakuwa na mtoto hata mmoja aliyetupwa. Baada ya juma moja walikuwa tisa, na hapo alilia kabisa, peke yake kati ya mihogo, chai mkononi.

Aprili miti ya mitondo ilichanua msituni. Kazadi alitaka kurudisha mtego. Mama Mbuyu alikataa. "Mugonjwa anatoka lopitali leo, weye unamupa koleo? Acha bazaliane."

"Lini basi?"

"Usiniulize miye. Ulize miti ya miputu."

Miputu ilijibu mwishoni mwa Agosti. Majani mapya yalitoka, mekundu, msitu mzima. Kisha yakaja maua, madogo, huwezi kuyaona ukipita kwa baiskeli, lakini harufu yake ilifika mpaka nyumbani. Mvua ilikuwa bado mbali. Tshiela alihesabu nyuki wa mzinga wa baba yake. Alifika ishirini na saba kabla ya kumaliza Baba Yetu ya pili. Mlango ulikuwa mwembamba kwao, walipangana.

"Sasa," alisema Mama Mbuyu.

Kazadi alikuwa ametengeneza mtego upya. Safari hii aliufunga kwa bawaba za mpira wa gurudumu, upate kuinuliwa na kushushwa bila nyundo. Walikubaliana hivi, wakakaa kwenye mkeka wakibishana kidogo. Mtego utawekwa tu kwenye mzinga wenye nyuki wengi. Utashushwa asubuhi, kwa sababu maua mengi hufungua unga wake asubuhi. Jua likifika kichwani, unainuliwa, ili nyuki wa mchana waingie na mzigo wao.

"Na siku ngapi mu juma?" aliuliza Kazadi.

"Mbili. Tatu kama kuko maua mingi sana. Kisha bapumzike."

"Na kama mi natoka posti ya usiku, nimelala?"

"Basi usishushe. Kama hakuna mutu ya kumwaga droo siku ileile, hakuna kushusha."

Unga waliuanika kivulini, juu ya kitambaa cheupe, na juu wakaufunika kwa kitambaa chepesi kwa ajili ya vumbi la malori yanayokwenda kwenye machimbo yaitwayo Mashamba. Jua kali huuharibu. Tshiela aliugeuza kwa mkono mara kwa mara. Alibonyeza kidonge kati ya vidole. Kikishikamana na kingine, bado. Kikiwa kigumu, kikianguka peke yake kama punje ya mtama, tayari kwa chupa kavu yenye kifuniko cha kubana.

Kazadi alichota kijiko kimejaa. Mama Mbuyu alimshika mkono.

"Mutu hajawahi kula, anaanza na punje mbili tatu. Kuko batu mwili inawasha, ao pumzi inabana. Huyo aache, aende lopitali. Na mutoto akiwa na homa, usimupe hii useme ni dawa. Ni chakula."

"Mi nilikulaka bijiko tatu."

"Njo sababu ulikuwa unatafuta bachawi barabarani."

Hata Mianda alicheka, na baba yake akacheka mwisho.

Ilipofika katikati ya Oktoba walikuwa na chupa tatu zilizojaa, na mzinga wa mzee Tshimanga ulikuwa mzito kiasi kwamba Tshiela peke yake hakuweza kuutikisa. Asubuhi moja aliushusha mtego, akaenda sokoni mapema. Akiwa kule anachagua samaki, aliona watu wanaangalia juu. Mawingu meusi yalikuwa yanatoka upande wa magharibi. Aliacha samaki. Alirudi mbio, kitenge mkononi, akijilaumu njia nzima. Kazadi alikuwa ametoka posti ya usiku, bila shaka amelala.

Hakulala. Alikuwa amechuchumaa kando ya mzinga na nguo za kazi, macho mekundu kwa usingizi. Mtego ulikuwa umekwisha kuinuliwa, na droo ilikuwa kavu chini ya koti lake.

"Nimehesabu," alisema. "Sita tu na bunga, na bote banarudia mbio, mvula inakuja. Nimefungua mulango."

"Droo iko na kiasi gani?"

"Kidogo. Iachie tu. Hii ya sasa ni ya batoto yabo."

Tshiela aliketi karibu naye, bega kwa bega. Matone ya kwanza ya mvua ya msimu ule yalianza kupiga mabati ya mizinga. Nyuki walikuja kwa wingi kutoka msituni, wakaingia ndani na mizigo yao yote.